Kijiko cha chumvi: shajara ya kudai medali za Baba

14 Januari 2024

Nimefungua daftari hili kwa sababu kaka amenichosha. Tangu Krismasi anaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba asimame mtu mmoja afuatilie heshima za Baba kwa Waingereza. Kila akiandika hivyo watu wanaweka kidole gumba, kisha kimya. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nina muda, nina magoti mabovu, na binti yangu amenifungia intaneti nyumbani. Basi nimesimama mimi.

Tunachokijua ni hiki. Baba alikwenda Keya, ndivyo wazee wetu walivyoliita jeshi la KAR (King's African Rifles), la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akiwa kijana asiye na mke. Akapelekwa Burma, Myanmar ya leo, kwenye Vita Kuu ya Pili, akarudi, akaoa, akatuzaa, akafa mwaka 1994 nyumbani Nzega bila kuwahi kuvaa medali yoyote. Mengine ni ya kaka: kwamba Baba alikuwa kwenye meli iliyozamishwa na Wajapani akaogelea mpaka akaokolewa, kwamba alimtoa ofisa wa Kizungu mtoni chini ya risasi, akaandikiwa medali ya ushujaa, na karani mmoja akaila. Hayo yote yalisomwa kwenye wasifu wa marehemu siku ya mazishi. Nilikaa mstari wa mbele, nikalia na nikaamini.

2 Februari 2024

Wiki tatu za kusoma. Nimejifunza kwamba "medali" kwa Waingereza ni mambo mawili ambayo sisi tulikuwa tunayachanganya kwenye chungu kimoja.

Kuna medali za ushujaa, ambazo ofisa anapaswa kumpendekeza askari kwa maandishi wakati ule ule. Na serikali yao ina kanuni kwamba haifikirii tuzo kwa tukio lililopita zaidi ya miaka mitano. Tumechelewa kwa miaka sabini na kitu. Mlango huo umefungwa, hata Baba angekuwa amemwokoa mfalme mwenyewe.

Halafu kuna medali za kampeni. Hizi hazihitaji ushujaa, zinahitaji kuwapo. Aliyetumikia kwenye uwanja wa vita kwa miezi sita anastahili Nyota ya 1939–45. Aliyetumikia kwenye mapambano ya Burma, hata kwa siku moja, Nyota ya Burma. Aliyekuwa jeshini siku 28 kabla ya 2 Septemba 1945, Medali ya Vita. Hazikupelekwa majumbani zenyewe; askari alitakiwa aziombe. Wengi wetu huku hawakuambiwa, au waliambiwa kwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya watu wengine. Haki hiyo haijaisha muda. Mtu akifa bila kuomba, familia inaweza kuomba.

Lakini si familia yote kwa pamoja. Wa kwanza mwenye haki ni mjane. Akiwa hayupo, mtoto mkubwa. Akiwa hayupo naye, mjukuu mkubwa.

Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikaenda kuchemsha chai. Mama yetu alifariki mwaka 1957. Mjane wa Baba ni mama mdogo, na kaka hajakanyaga kwake tangu kile kikao cha mirathi.

9 Februari 2024

Nimempigia kaka. Nimemweleza kwamba ombi litatoka kwa mama mdogo au halitatoka kabisa. Akasema yeye ndiye kifungua mimba. Nikamwambia Waingereza wanalijua hilo, wamemweka wa pili. Akakata simu.

Saa mbili usiku akatuma ujumbe: "Na ile ya ushujaa umeifikia wapi?"

23 Machi 2024, Nzega

Nimemkuta mama mdogo uani anachambua mchele. Miaka 82 na anaona kokoto ambayo mimi siioni kwa miwani. Nilipomaliza kumsalimu na kumweleza, alinyamaza muda, kisha akasema, "Sanduku liko chini ya kitanda. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Sanduku la bati, jeusi, kifuli kilishakufa zamani. Ndani: kadi ya chama, risiti za pamba, Biblia bila jalada, picha moja ya Baba amekaa studio na mkono juu ya meza, na chini kabisa, kwenye kipande cha turubai, cheti chake cha kuachiwa jeshi.

Mchwa walifika kabla yangu. Wamekula upande wa kulia kuanzia juu hadi katikati. Kilichobaki kinasomeka vizuri, wino wa wakati ule si mchezo. Kuandikishwa 1942. Kuachiwa 1946. Huduma nje ya nchi: Ceylon (Sri Lanka ya leo), India, Burma. Tabia: nzuri sana. Namba ya jeshi ipo, ila tarakimu ya mwisho iko tumboni mwa mchwa.

Jina ni lile la kuzaliwa, la kabla ya ubatizo, na karani ameandika R mahali pa L, kama walivyokuwa wakifanya, akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Baba alibatizwa 1948. Kwa hiyo mtu aliyeko kwenye cheti hiki na mtu aliyeko kwenye cheti cha ndoa na kwenye kaburi ni, kwa macho ya ofisi yoyote, watu wawili tofauti.

Na jambo moja zaidi. Kikosi si KAR. Kimeandikwa EAASC, kikosi cha huduma cha jeshi la Afrika Mashariki: uchukuzi, chakula, mafuta. Kazi: dereva.

Nimekaa na karatasi hiyo mkononi mpaka mama mdogo akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

24 Machi 2024

Sijaweka picha ya cheti kwenye kundi. Bado.

18 Aprili 2024

Suala la meli nimelimaliza, na limeniuma kidogo.

Meli ipo. Iliitwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo ndani ya msafara wa meli, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache sana. Waliokufa ni 1,297, na wengi wao ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kikosi cha 301. Kulikuwamo pia wauguzi wanawake. Nilisoma hapo mara mbili. Majina ya askari wale yameandikwa Nairobi, kwenye kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyoko ndani ya makaburi ya vita.

Baba hakuwamo. Kwa cheti chake alikuwa ameshafika Ceylon mwaka 1943, wakati divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipohamishiwa kule kujifunza vita vya msituni. Nadhani hadithi aliisikia kama walivyoisikia wote waliokuwa ng'ambo ya pili wakiwasubiri wenzao. Akaisimulia nyumbani. Na sisi, kwa miaka hamsini, tukampandisha melini.

Nimejaribu pia kumtafuta rafiki yake, yule ambaye kaka amepewa jina lake na ambaye Baba alisema "alibaki Bama", yaani Burma. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inaruhusu mtu kutafuta jina bure mtandaoni. Yametoka majina matatu yanayofanana, mawili kwenye kumbukumbu ya Rangoon, iliyoko Taukkyan, ambako yameandikwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Hakuna jina la baba wala la kijiji. Sikuweza kuchagua mmoja, na sitaki kumchagulia kaka mtu wa kumrithi jina.

11 Mei 2024

Ushujaa. Nilitaka kumtendea kaka haki, nikatafuta kama natafuta dawa iliyopotea wodini.

Medali za ushujaa zilitangazwa kwenye gazeti la serikali la London, na askari Waafrika wamo, kwa namba na jina. Mapendekezo yenyewe yamehifadhiwa Kew, kwenye nyaraka za Taifa za Uingereza, jalada WO 373, na orodha yake inatafutika mtandaoni. Nimetafuta kwa jina lenye L, kwa jina lenye R, kwa jina bila herufi ya mwisho, kwa namba yenye tarakimu zote kumi za kubahatisha. Hakuna.

Leo nimeweka kila kitu kwenye kundi: cheti, tarehe za meli, matokeo ya utafutaji. Nimeandika kwa upole kadiri nilivyoweza. Mpwa mmoja akaandika, "Kwa hiyo babu alikuwa dereva tu?"

Lile "tu" halikunitoka kichwani siku nzima.

25 Julai 2024

Siku ya Mashujaa. Nimeangalia kwenye televisheni, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, kisha sime. Nilikuwa nawatafuta wazee wa Burma. Sikumwona hata mmoja. Ukihesabu vizuri, aliyekuwa na miaka ishirini kule Burma mwaka 1944 leo angekuwa na mia moja.

Kaka amepiga simu, mara ya kwanza tangu Mei. Tulizungumza mvua, tukazungumza presha yake, kisha akasema: "Unajua wale Wazungu walilipwa kiinua mgongo kikubwa kuliko kina Baba? Cheo kile kile, vita ile ile." Ni kweli, malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Nikamwambia najua. Akasema, "Sasa na medali nazo umezipunguza." Sikuwa na jibu. Nimeliandika hapa ili nilijibu siku nyingine.

19 Agosti 2024

Mtoto wa dada yetu anasoma Uingereza. Nilimwomba aende Kew siku moja. Akaenda siku tatu, Mungu amzidishie. Kumbe ukishajiandikisha unaruhusiwa kupiga picha nyaraka bila malipo. Amenitumia picha zaidi ya mia mbili za jalada WO 172, shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Burma, zikiwamo za makampuni ya uchukuzi ya divisheni ya 11.

Niseme wazi kwamba jina la Baba halimo. Hakuna jina la askari Mwafrika yeyote kwenye kurasa zile nilizosoma. Maofisa wanatajwa kwa majina, nani ameenda likizo, nani ameugua tumbo. Askari wanatajwa kwa idadi. Usiku wa kwanza nilikasirika nikalala bila kula.

Usiku wa pili nilianza kusoma kuhusu barabara.

Divisheni ya 11 iliingia Burma Agosti 1944 kupitia mji wa Tamu, ikateremka bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, India. Ilikuwa katikati ya mvua za monsuni. Bonde lilijulikana kwa malaria na homa ya utitiri wa porini. Magari yalizama tope mpaka kwenye bodi. Chakula kingi kilitupwa kwa ndege, na palipotakiwa gari lipite, watu walikata miti wakailaza barabarani, gogo kwa gogo, kukingama njia, maili baada ya maili, ili tairi lipate kitu cha kukanyaga. Desemba 2 wakauchukua mji wa Kalewa. Siku chache baadaye wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la vyuma la kuunganisha, futi 1,154, refu kuliko daraja lolote la aina hiyo duniani wakati ule. Na juu ya daraja lile vikapita vyakula, risasi, mafuta, kila kitu ambacho jeshi la 14 lilikihitaji kwenda mbele. Juu ya malori.

Magogo. Ndugu zangu wote wanakumbuka magogo ya Baba. Kila masika yakikaribia alikuwa anakata miti na kuilaza kwenye njia ya kutoka barabarani hadi uani kwetu, imebanana kama meno, ikiwa imekingama. Majirani walicheka: nyumba haina gari, ina barabara. Sisi watoto tuliona aibu kupita pale na vidumu vya maji kwa sababu vilikuwa vinagonga miguu. Hakuna aliyemuuliza kajifunza wapi. Yeye naye hakusema.

Kingine nimekielewa kama muuguzi. Bibi alikuwa akisema mwanawe alirudi vitani "wa manjano", na ukoo ukaenda kwa mganga. Ile si nyongo wala si mkono wa mtu. Askari wote wa Burma walimezeshwa mepakrini kila siku kuzuia malaria, na dawa hiyo inapaka ngozi rangi ya manjano. Ukiiacha, rangi inafifia baada ya wiki kadhaa. Mganga alichukua mbuzi, rangi ikafifia, akasifiwa.

Nimemtumia kaka picha ya barabara ya magogo. Ameifungua, tiki mbili za buluu. Hakujibu.

6 Oktoba 2024

Nimeiandikia barua pepe ofisi ya Waingereza inayoshughulikia medali, kuuliza kabla ya kujaza fomu. Jibu limekuja, la heshima. Faili la Baba hawana: kumbukumbu za askari Waafrika wa Afrika Mashariki hazikuunganishwa na za jeshi la Uingereza, ziliachwa kwenye makoloni na kila nchi ikarithi kilichobaki. Kwa hiyo ushahidi tulete sisi. Cheti chetu kinaweza kutosha, lakini wanaomba namba kamili na uthibitisho kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja.

Majina yanatibika. Kuna mawakili na kuna viapo. Namba ndiyo donda.

Nimemwomba mtu apitie Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Amekuta majalada ya kurudisha askari kwenye maisha ya uraia baada ya vita, ya mkoa wetu: nani apewe leseni ya duka, nani aombewe kazi reli. Vitu vitamu. Baba hayumo.

27 Desemba 2024, Nzega

Nimekuja kula Krismasi na mama mdogo. Nilikuwa nasaidia jikoni, nikachukua kijiko kwenye mkebe wa chumvi, kijiko kipana cha chuma, kizito, mpini umelika upande mmoja. Nimekiona kijiko hicho tangu nina akili. Nimekilambia uji. Nikakigeuza kukifuta na upande wa nyuma wa mpini kidole changu kikapita juu ya vishimo.

Nikatoka nacho juani. Nikasugua na majivu na ndimu. Zikatokea herufi, kisha tarakimu, zimegongwa kwa mkono, moja imepinda. Nikakimbia, na magoti haya haya, kwenda kutoa cheti kwenye begi. Zinafuatana zote, na ya mwisho ipo. Ni 7.

Askari walipewa kijiko, kisu na uma, na kila mmoja aligongesha namba yake ili asiibiwe. Baba alitoka nacho Tabora mpaka Ceylon mpaka Chindwin akarudi nacho, na kwa miaka zaidi ya sabini kimeteka chumvi ya nyumba hii.

Nilimwomba mama mdogo nikichukue, nikihifadhi pazuri, labda kipigwe picha Tabora mjini kwa mtaalamu. Akanyoosha mkono akakichukua, akakisuuza, akakirudisha kwenye mkebe.

"Medali yenu sijaiona," akasema. "Hiki nakitumia."

Nimepiga picha kwa simu, kwenye mwanga wa dirisha, mara kumi na nne.

30 Desemba 2024

Kaka amejibu. Si kwenye kundi, kwangu peke yangu. "Hicho ndicho alichokuwa anatupigia nacho vidole tukidokoa nyama." Halafu: "Saba. Sawa."

Nilimweleza pia kwamba nyota za vita ile Waingereza hawakuzichonga majina ya askari wao, na yetu ikija itakuja hivyo hivyo: nyota ya shaba ya pembe sita, haina mwenyewe. Na Medali ya Vita, mfalme upande mmoja, simba amemkanyaga joka upande wa pili. Akauliza, "Sasa watu watajuaje kwamba ni za Baba?" Nikamwambia wakitaka kujua waje waombe chumvi.

Januari hadi Machi 2025

Miezi ya mafaili. Nayaweka kwa kifupi, kwa atakayepita njia hii baada yangu.

Cheti cha kifo: Baba alifia nyumbani, hakusajiliwa. Tukaanzia kwa mtendaji wa kijiji, barua na mashahidi wawili waliokuwapo mazishini, ndipo tukafikia RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Cheti cha ndoa: parokia wana daftari la mwaka 1963, wakatupa nakala yenye mhuri siku ile ile, na padri akataka kuona picha ya kijiko. Kiapo cha majina: kwa wakili, ambaye aliandika majina yote matatu, la kuzaliwa, la karani na la ubatizo, na kwamba yote ni ya mtu mmoja. Ubatizo wa 1948 upo kwenye daftari la ubatizo la parokia hiyo hiyo, na jina la zamani limeandikwa pembeni kwa penseli. Penseli hiyo ndiyo iliyotuokoa. Tafsiri ya kila karatasi ya Kiswahili kwenda Kiingereza, na mhuri wa wakili juu ya kila tafsiri.

Kuna ofisi moja, siitaji, tuliyokwenda mara tano kwa mhuri mmoja. Mara ya nne kijana wa dirishani aliniuliza kama mtu mwenyewe anaweza kuja. Nikamwambia alifariki mwaka 1994. Akasema basi aje na kitambulisho chake. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye benchi.

Jambo ambalo ningelifanya tofauti: ningeanza na kiapo cha majina. Kila ofisi ilikiuliza, na nilikuwa nacho mwishoni.

20 Aprili 2025, Pasaka, Nzega

Kaka amekuja.

Hakusema kama anakuja. Tulisikia bodaboda, kisha tukamwona anashuka na mfuko wa sukari na kanga mbili kwenye nailoni. Mama mdogo alikuwa amekaa mkekani. Kaka, mzee wa miaka 75, akachutama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama." Kukawa kimya kidogo ambacho nilikihesabu. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikasoma fomu kwa sauti, naitafsiri mstari kwa mstari. Palipoandikwa uhusiano na marehemu, mjane. Palipoandikwa kikosi, nikasita, nikamtazama kaka. Akasema, "Andika kilichoandikwa." Nikaandika EAASC, dereva. Tumeomba Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma na Medali ya Vita. Nyingine wakiona anastahili wataongeza wao.

Mama mdogo hakutaka kuweka sahihi ya kuchora. Akaweka dole gumba, kwa wino wa muhuri wa kanisa tulioazima, akaiangalia ile alama muda mrefu. Akauliza kama Waingereza watajua ni la kulia. Kaka akajibu, "Watajua, mama."

Baadaye kaka alinivuta pembeni. Akaniambia hadithi ya kumwokoa ofisa mtoni hakuipata kwa Baba. Aliipata kwa mwalimu wake wa darasa la tano, aliyekuwa Keya kweli, naye alikuwa anasimulia habari za mtu mwingine. "Niliichukua nikampa Baba," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili, watoto wengine baba zao walikuwa na medali." Nikamuuliza mbona aliisoma mazishini. Akasema ilikuwa imeshakuwa ya kweli.

3 Juni 2025

Bahasha imetumwa kwa posta ya haraka. Ndani: fomu, nakala ya cheti cha kuachiwa jeshi, picha tatu za kijiko pamoja na rula, kiapo cha majina, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, nakala ya daftari la ubatizo, tafsiri zake, na barua yangu ya ukurasa mmoja. Hakuna karatasi halisi hata moja iliyotoka mkononi mwetu.

14 Septemba 2025

Wamethibitisha kwamba wamepokea na kwamba ombi liko kwenye foleni ya kuchunguzwa. Barua imemtaja mama mdogo kwa jina lake kamili. Nikamsomea kwa simu. Akanitaka nirudie pale penye jina.

Wakati tukisubiri tumeanza kibao cha kaburi. Fundi alikuwa na rasimu ya zamani ya kaka ya mwaka 1994, ambayo haikuwahi kuchongwa kwa kukosa fedha: "SHUJAA WA BURMA". Kaka ameikata kwa kalamu mwenyewe. Kibao kitakuwa na jina la kuzaliwa na la ubatizo, namba ya jeshi yenye 7 yake, DEREVA, na chini CEYLON, INDIA, BURMA 1943–1946. Fundi alisema herufi ni nyingi, tupunguze kitu. Kaka akamwambia apunguze ua.

30 Novemba 2025, Nzega

Majibu bado. Nimewaandikia kuulizia, kwa upole.

Mvua zimeanza mapema. Kibao kimefika juzi kwenye gari la mizigo, na gari limekwama mita sitini kabla ya uani, mahali pale pale. Vijana wamekibeba mabegani. Leo tangu asubuhi kaka yuko njiani na panga na wajukuu wawili, wanakata miti na kuilaza, kwa kukingama, gogo moja moja. Wajukuu wanalalamika. Mama mdogo amewekewa kiti chini ya mwembe anawaangalia.

Nimeenda kumpelekea chai. Alikuwa anampigia kaka kelele kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Bananisha zaidi! Baba yako alikuwa haachi hata pa kupita mguu wa kuku!"

Kaka akainama, akaisogeza.